Nyumba ya chama ya matofali na chokaa: jinsi ya kuitengeneza bila kuiua

Kabla kamati yenu haijanunua hata mfuko mmoja wa saruji, chukua msumari wa inchi nne, nenda kwenye ukuta wa nyumba yenu mahali ambapo rangi haijafika, ukwaruze katikati ya tofali na tofali. Ukianguka unga mweupe wenye vidonge vidogo kama chenga za mchele, hiyo ni chokaa. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu tu, hiyo ni saruji. Kazi yote inayofuata inategemea jibu hilo, na haya ninayoandika ni kwa wale ambao msumari wao umeangusha unga.

Mimi ni fundi mwashi hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nimezaliwa Kamalondo, na mwiko nimeushika tangu nina miaka kumi na tano. Nyumba iliyonifundisha haya ni ya chama chetu cha mafundi wa ujenzi. Wazee wetu waliijenga kwa mikono yao, mji ungali unaitwa Élisabethville, kila mmoja akitoa Jumapili zake: ukumbi mmoja mrefu, vyumba viwili vya ofisi, na baraza mbele yenye nguzo sita. Siyo jumba kubwa, lakini ukimwuliza mtu yeyote wa mtaa ule "kwa mafundi ni wapi", atakuonyesha nguzo hizo. Kwenye nguzo ya kwanza, mkono wa kushoto, kila mzee aliandika herufi za jina lake juu ya tofali likiwa bado bichi, kabla halijaingia tanuruni. Baba yangu naye aliandika.

Miaka kadhaa iliyopita tuliona ukuta umechoka. Chini kulikuwa na mabaka ya unyevu, viungo vimeliwa, na vijana wa chama walikuwa wanaona haya kuleta wageni. Tukachanga. Mkandarasi mmoja akaja akatuahidi nyumba mpya: plasta ya saruji ukuta mzima, ndani na nje, na rangi ya mafuta juu yake. Nilikuwepo kwenye kikao kile, na mkono wangu ulinyooka kukubali pamoja na ya wenzangu. Nyumba iling'aa. Baada ya misimu miwili ya mvua, ukiigonga plasta kwa kidole ilitoa sauti ya mtungi mtupu. Tulipoibandua kwenye ile nguzo ya kwanza kilitoka kipande kipana kama sinia, na uso wa matofali ukatoka nacho. Nikakigeuza. Herufi za baba zilikuwa pale nyuma ya saruji, zimetokeza nje na zimepinduka kama maandishi kwenye kioo. Kwenye nguzo palibaki unga mwekundu.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuziba, ila tuliuziba kwa kitu ambacho ukuta ule haukukijua.

Kwa nini ukuta huu hautaki saruji

Matofali mengi ya zamani ya huku kwetu yametoka kwenye udongo wa kichuguu. Anayeijua Katanga, eneo letu hili, anavijua vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba. Mchwa wameshauchagua na kuukanda udongo ule kabla binadamu hajaugusa, ndiyo maana unashikana vizuri. Unatiwa maji, unapigwa kwenye kalibu, unakaushwa, kisha matofali yenyewe yanapangwa yakawa tanuru na kuchomwa kwa kuni. Moto wa kuni haufiki sawa kila mahali. Tofali la katikati linaiva hadi linalia kama kengele ukiligonga. La pembeni linabaki laini, na linakunywa maji kama mkate mkavu unavyokunywa chai.

Ukuta wa matofali hayo huwezi kuuzuia usinywe maji. Unakunywa mvua, unakunywa unyevu wa ardhi. Kilichouweka hai miaka yote ni kwamba maji hayo unayatoa. Yanatokea kwenye viungo, kwa sababu chokaa ni laini kuliko tofali na ina vitundu vingi vya kupumulia. Saruji ni ngumu na imefunga. Ukiipaka juu, maji yaliyoingia kwa chini na kwenye nyufa hayana pa kutokea, yanajikusanya nyuma ya plasta, na yakikauka yanaacha chumvi. Chumvi ikiganda ndani ya vitundu vya tofali inasukuma, na kila ikisukuma inabandua ngozi nyembamba ya tofali. Ule unga mweupe unaouona kwenye miguu ya kuta nyingi mjini ndiyo chumvi yenyewe.

Kinachotakiwa kuliwa kwenye ukuta ni kiungo. Kiungo utakijaza tena kwa ndoo chache. Tofali likianza kuliwa badala yake, nyumba ndiyo inayokwenda.

Anayetaka kuona matofali yaliyoachwa wazi yakae na jua na mvua, aende kwenye kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo hapa mjini. Limesimama tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mji wenyewe ulianza 1910. Na wenzetu wa Unguja na Lamu wamekaa karne kwa karne katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, karibu na chumvi ya bahari, wakizipaka chokaa upya kila zinapochoka. Ufundi huu si wa kigeni kwetu. Tuliuacha tu, mfuko wa saruji ulipokuwa rahisi kuupata.

Anza na maji, mwiko usubiri

Huku mvua inaanza Oktoba au Novemba na kukoma Aprili. Uchunguzi fanya mvua ikinyesha, tuseme Februari au Machi. Kazi yenyewe ifanye kuanzia Mei, ukuta ukishaanza kukauka. Ukianza Septemba jua linakuwa kali na mvua iko mlangoni, na chokaa haipendi hata kimoja.

Zunguka nyumba na mwavuli. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi, yanarukia wapi, yanasimama wapi. Kwetu mfereji wa bati ulikuwa umetoboka juu ya dirisha la pili, na baka lote la upande ule lilitoka kwenye tundu lisilozidi upana wa kidole. Kama paa lenu ni la yale mabati mazito ya kijivu ya zamani yenye asbesto, msiyakate, msiyatoboe, msiyasugue yakiwa makavu. Vumbi lake linaua mapafu polepole. Hilo mwachie anayeijua kazi hiyo. Ndani ya dari chukua bisibisi, uchome kila mbao inapokutana na ukuta. Ikizama kama kwenye keki, mchwa wamefika.

Kisha angalia chini. Kosa letu kubwa lilikuwa pale, na hakuna aliyeliona kwa sababu lilikuja taratibu mno: ardhi ya nje ilikuwa imepanda. Taka za kufagia, kifusi cha kila matengenezo, udongo wa bustani, vyote viliegemezwa ukutani mwaka hadi mwaka, mpaka ardhi ikawa juu kuliko sakafu ya ukumbi. Tuliichimba kwa upana wa mita moja kuzunguka nyumba yote, tukaishusha hadi sentimita 20 chini ya sakafu, na tukaipa mteremko wa kuondoa maji, sentimita 5 kwa kila mita. Kabla hujachimba hivyo, toboa kwanza shimo dogo la kupima, uone msingi unashuka hadi wapi. Wazee wengine walijenga msingi mfupi, na ukichimba kupita kitako chake utaiangusha nyumba unayotaka kuiponya. Sisi tulitumia sururu, koleo na toroli, siku nne, watu sita. Ukuta ulianza kubadilika rangi kabla sijachanganya hata ndoo moja ya chokaa.

Andika kabla hujagusa

Piga picha kila ukuta ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, siyo kwa upande, na weka rula au fimbo yenye alama za mita ndani ya picha. Piga karibu kila kitu chenye mkono wa mtu: herufi, alama za vidole kwenye tofali, namna walivyopanga matofali juu ya dirisha. Kupima tofali moja moja kutakudanganya kwa sababu hayalingani. Pima mistari kumi kwa pamoja kwenda juu, ugawe kwa kumi, na hicho ndicho kipimo ambacho matofali ya kuzibia yatafuata. Kile kipande cha saruji chenye herufi za baba nimekifunga kwenye ubao, kiko ofisini kwa katibu. Tungekuwa na picha za nguzo ile kabla ya plasta, ningeweza kusoma majina ya wazee wengine saba ambayo sasa hakuna anayeyakumbuka yote.

Kuiondoa saruji

Igonge yote kwanza kwa kitako cha nyundo, uweke alama ya chaki mahali inapolia tupu. Hapo itatoka yenyewe kwa tindo pana ukianzia ukingoni. Mahali inapolia nzito imeshika, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Nenda kwa tindo ndogo, ukiilaza karibu na ukuta, ukipiga kidogo kidogo. Ikianza kutoka na uso wa tofali, acha. Kipande cha saruji kilichobaki ni afadhali kuliko tofali lisilo na uso. Mashine ya kukatia yenye diski sitaki kuiona kwenye viungo vya nyumba hizi: inapita kwenye kiungo na kwenye kingo za tofali bila kutofautisha, na mstari wake hauponi.

Chokaa, mchanga, na glasi ya maji

Jiwe la chokaa Katanga lipo. Kakontwe, karibu na Likasi, linajulikana tangu zamani. Likichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi linatoa hewa yake na kuwa chokaa hai. Ukiitia maji inachemka yenyewe, ndiko kuizima huko. Ukishaijenga ukutani, inavuta polepole ile hewa iliyoipoteza motoni na kurudi kuwa jiwe. Ukilielewa hilo, mengine yote utayaelewa: kwa nini haina haraka, kwa nini inataka unyevu, kwa nini hutakiwi kuifungia chini ya rangi ya mafuta.

Chokaa hai usiizime kama hujawahi kuona ikizimwa. Inatoa mvuke na kurusha matone, na tone likiingia jichoni linaunguza. Nunua iliyokwisha kuzimwa, ya unga, kwenye mfuko ambao haujafunguka, maana iliyokaa wazi imekwisha kuvuta hewa na haitashika tena. Hata hiyo vaa miwani na glavu, na weka ndoo ya maji safi karibu. Itie kwenye pipa lenye maji, si maji kwenye chokaa, ukoroge mpaka iwe kama maziwa ya mgando, kisha acha maji yaifunike vidole viwili juu. Wiki moja inatosha. Mimi huiacha mwezi, na tofauti naiona kwenye mwiko: inakuwa kama siagi, haikatiki.

Mchanga uwe wa mto, wenye punje za ukubwa mbalimbali, mkali ukiusugua kiganjani. Tia nusu chupa, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tope likijipanga juu ya mchanga kwa unene wa kidole, uoshe au tafuta mwingine. Mchanga uliochotwa karibu na mabaki ya migodi usiuguse, hata ukipewa bure. Unakuja na chumvi zake, na chumvi ndiyo tunayoikimbia.

Sasa jambo ambalo nilifanya miaka ishirini bila kujua sababu yake. Kila fundi atakwambia chokaa moja kwa mchanga tatu. Chukua glasi, ijaze mchanga mkavu hadi ukingoni. Chukua glasi nyingine kama hiyo iliyojaa maji, uyamimine taratibu kwenye mchanga hadi yaanze kuonekana juu. Tazama yaliyotumika: karibu theluthi ya glasi. Hiyo ndiyo nafasi tupu iliyomo kati ya punje, na chokaa kazi yake ni kuijaza nafasi hiyo. Mchanga wako ukinywa zaidi, ongeza chokaa kidogo. Nilipowaonyesha vijana wa chama jambo hili mezani, mmoja wao alirudia mara tatu kwa mchanga wa sehemu tatu tofauti, na tangu siku hiyo ndiye ninayemwachia pipa.

Kwa nguzo na miguu ya ukuta, ambako unyevu haukomi, mimi hutia na unga wa matofali. Vunja matofali yaliyochomwa kwa moto mdogo, yale laini, uyatwange na kuyachekecha kwa chekeche la unga wa bukari, yaani ugali. Chokaa moja, mchanga mbili na nusu, unga wa tofali nusu. Unga huo unaifanya chokaa ishike hata mahali ambapo hewa inafika kwa shida, na rangi yake inakaribiana na ukuta wa zamani. Saruji "kidogo tu ya kusaidia" usitie. Mafundi wengine wataibeba kisirisiri kwenye ndoo. Kaa karibu na mchanganyiko.

Kujaza viungo

Kwangua kiungo kilichokufa hadi kina cha mara mbili ya upana wake. Kiungo cha milimita 12 kinataka milimita 25. Toa vumbi lote kwa burashi, kisha nyunyizia maji, subiri, nyunyizia tena. Ukuta mkavu utanyonya maji ya chokaa mara moja na kuiacha unga. Unajua uko tayari tofali likiwa na rangi nzito ya unyevu lakini halina maji yanayong'aa juu yake. Kuna dakika chache tu za hali hiyo, na mkono unazizoea.

Mchanganyiko uwe mgumu kiasi kwamba ukiufinyanga tonge la ukubwa wa limau linasimama kiganjani bila kukuchafua. Usiumimine, usukume ndani kwa chuma chembamba kuliko kiungo, tabaka kwa tabaka, ukiubana hadi nyuma. Malizia uso wa kiungo ukiwa ndani kidogo ya ukingo wa tofali, usimwagike juu ya tofali kama siagi kwenye mkate. Kazi ya siku ile haijaisha hapo. Jioni, chokaa ikiwa imeanza kukaza kama jibini na dole gumba haliachi alama, ipige kwa ncha za burashi ngumu, kupiga na siyo kupaka. Hapo punje za mchanga zinatokea, vitundu vinafunguka, na nyufa ndogo zinafunga.

Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyalowanishe asubuhi na jioni kwa siku saba. Upepo mkavu wa Juni na Julai unakausha kabla chokaa haijashika, na mafundi wengi wanaolaumu chokaa ni kwa ajili ya hayo magunia ambayo hawakuyatundika. Fanya mita chache kwa siku. Mwenyekiti akiuliza mbona hamuendi mbio, mpe burashi.

Tofali lililopoteza uso wake lakini bado ni gumu ndani, liache. Lililogeuka unga litoe, na badala yake weka la zamani kutoka kwenye nyumba iliyobomolewa, uligeuze upande wake mzuri. Yale ya leo mara nyingi hayalingani ukubwa wala ugumu. Nguzo yetu ya kwanza tuliijaza hivyo, matofali kumi na moja, na hatukuandika herufi mpya juu yake.

Hati, na uso wa nyumba ni wa nani

Nimeona nyumba nzuri kuliko yetu zikipotea bila hata tofali moja kuanguka. Toeni cheti cha uandikishaji wa ardhi mkisome jina lililoandikwa. Likiwa la mtu, hata awe mwenyekiti wa kwanza na marehemu mwema, mna kesi na watoto wake inayosubiri siku yake. Chama kiwe na utu wa kisheria, yaani sheria ikitambue kama mtu anayeweza kumiliki mali, chini ya Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, na cheti kiwe kwa jina hilo. Kisha tazameni tarehe. Kwa sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, haki ya kudumu kwenye kiwanja wanapewa watu wa nchi hii, siyo vyama. Chama kinapewa kwa muda, usiozidi miaka 25, na muda huo unafanywa upya. Kamati nyingi hazijui kama muda wao umebaki miaka miwili au umekwisha.

Kuna pia Amri-sheria namba 71-016 ya 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, inayofungua njia ya jengo kuainishwa na Serikali. Likishaainishwa hakuna wa kulibadilisha bila ruhusa. Jadilianeni kwanza, kwa sababu ruhusa hiyo itawahusu na ninyi.

Mwalimu wetu wa shule ya ufundi alikuwa na picha ya uwanja wa Grand-Place wa Brussels, na mimi niliitazama sana kwa sababu zile ni nyumba za vyama vya mafundi kama chetu: waokaji, watengeneza bia, na wanamaji ambao juu ya nyumba yao paliundwa kama tezi la merikebu. Nyumba ya waashi na wakata mawe inaitwa La Colline. Agosti 1695 mizinga ya mfalme wa Ufaransa iliuangusha uwanja ule karibu wote, na vyama vikaujenga upya kwa miaka michache tu. Lakini kilichonikaa ni cha baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya meya Charles Buls, mji uliandikiana na wenye nyumba: mji utatunza uso wa mbele wa kila nyumba, na mwenyewe alipe kila mwaka, asiubadilishe. Ndani ni kwake, uso ni wa wote. Sisi tumeandika ukurasa mmoja wa namna hiyo kwenye kanuni za chama chetu: baraza na nguzo sita haziguswi bila mkutano mkuu, na fundi yeyote anayetaka kuzigusa alete kwanza kipande cha majaribio cha mita moja, kikae msimu mzima wa mvua nyuma ya nyumba.

Mvua ya kwanza ikishuka, nenda ukasimame barazani na daftari. Viungo vipya vitakuwa vyeusi kuliko vya zamani kwa saa chache, hiyo isikutishe. Mvua ikikatika, anza kuhesabu muda hadi virudi rangi yake. Kwetu mwaka wa kwanza nguzo ya kushoto ilichukua siku mbili. Mwaka jana ilikauka kabla ya saa kumi jioni.